Biki ndogo kwenye pete ya funguo: ipi inamfaa mtu wa Kolwezi?

Kolwezi, Lualaba. Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya kobalti. Naleta habari ya kitu chenye urefu wa kidole: biki ndogo inayoning'inia pamoja na funguo.

Tangu niliposema redioni kwamba natembea na biki kwenye pete ya funguo, watu wengi wameniuliza ni ya aina gani, nimeipata wapi, na kwa nini nisiitie tu mfukoni kama watu wote. Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika. Kwa kifupi ni hili: katika mji wetu, anayeshika biki ndiye anayeshika hesabu. Na biki utakayokuwa nayo siku usiyoitazamia ni ile tu isiyoweza kukutoka.

Biki iko mkononi mwa nani?

Tazameni siku ya kawaida pale Musompo. Kreza wanafika na mifuko ya madini. Kwenye ukuta wa depo kuna kibao cha bei: asilimia hii ya kobalti, bei hii, asilimia ile, bei ile. Mfuko unawekwa kwenye mizani. Jiwe linapimwa kwa kile chombo ambacho hapa sote tunakiita Metorex, namba inatokea kwenye kioo chake kidogo, halafu mtu wa depo anaandika. Anaandika kwenye kaye yake, kwa biki yake. Kreza amesimama mbele ya meza na vumbi mikononi. Kilo anazishika kichwani, asilimia kichwani, bei kichwani, na deni la mama aliyemkopesha chakula wiki nzima analishika kichwani pia. Kwenye kikundi wako sita, na wakifika nje kila mmoja ana hesabu yake. Ugomvi mwingi niliousikia kati ya wachimbaji haukuanza na wizi. Ulianza na namba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiandika.

Nenda komini, Manika au Dilala, ni vilevile. Watu kumi kwenye foleni, biki moja. Unayekopa biki unaandika haraka, kwa sababu mwenyewe amekunyooshea mkono anaitaka. Hakuna anayesoma vizuri karatasi huku akingojewa.

Halafu kuna siku ile ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mimi, siku watu wanapokuja kupima parsela. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilihamishwa ili kufungua eneo la uchimbaji lenye uzio. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapa Kongo linaloitwa IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa nguvu karibu na migodi ya viwanda ya Kolwezi. Nimetembelea familia nyingi zilizohamishwa, na karibu kila moja imenionyesha karatasi. Karatasi hizo zina jambo moja linalofanana: mwandiko si wa mwenye nyumba. Chake ni sinyatire tu, chini kabisa.

Kuna jambo jingine nililoliona katika nyumba hizo. Watu bado wanatembea na funguo za nyumba ambazo hazipo tena. Ukuta umeanguka, mlango umeuzwa au umepotea, lakini ufunguo bado uko kwenye pete pamoja na ule wa chumba cha kupanga. Mtu atasahau simu, atasahau kofia, atasahau hata karte yake ya elekteri, lakini funguo atazitafuta kabla ya kutoka. Ndiyo sababu nasema biki ikae hapo. Mfukoni biki huazimwa na haitarudi. Kwenye funguo, anayeiazima analazimika kukuazima na nyumba yako, na hawezi kuondoka nayo.

Miembe sita na kisima kimoja

Niwape mfano wa nyumbani kwetu. Mama mdogo wangu alikuwa na parsela nje kidogo ya mji. Kampuni moja ilituma watu watatu kuhesabu mali. Mmoja alikuwa na mita, mmoja na rangi nyekundu ya kuandika namba ukutani, mmoja na fomu. Walikuwa vijana wenye adabu, walisalimia vizuri. Walipima nyumba, wakapita nyuma kwenye miti, wakarudi. Yule wa fomu akasema, "Tia sinyatire hapa, mama," huku akimpa biki yake.

Mama mdogo akasoma. Mistari ya nyumba ilikuwa imejazwa. Mistari ya miti ilikuwa mitupu. Akauliza. Kijana akajibu kwamba hiyo itajazwa ku biro.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akamwambia. "Niko na yangu."

Akatoa funguo kwenye kitambaa kiunoni, akafungua biki ndogo niliyokuwa nimempa wakati wa Mwaka Mpya. Akaandika nyuma ya karte ya kliniki ya mjukuu wake, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu: miembe sita, mivokado miwili, michikichi mitatu, kisima kimoja. Akaandika na tarehe. Halafu akampa kijana biki hiyohiyo aandike jina lake chini. Kijana akamtazama shefu wa kartie, shefu akatazama miti, na kijana akaandika.

Baada ya miezi kadhaa orodha iliyochapwa kwa mashine ilitoka. Ilisema miembe minne, na kisima hakikuwepo. Mama mdogo alikwenda na karte ya kliniki. Walirudi kuhesabu mbele ya shefu, miembe ikawa sita na kisima kikaingia. Je, pesa alizopewa zilitosha kujenga kama pale alipotoka? Hapana, hazikutosha, na hilo bado linamuuma. Sitaki kudanganya mtu hapa: biki haileti haki yote. Lakini miembe miwili na kisima vilirudi kwenye karatasi kwa nguvu ya kitu chepesi kuliko ufunguo wenyewe.

Mkimbizi aliyetupa biki, na mawe yetu ndani yake

Kabla ya kulinganisha aina, tujue kwanza tunalinganisha nini. Biki ni jina la kiwanda cha Mfaransa Marcel Bich, aliyeanza kuuza biki ile ya gamba la kuona ndani mwezi wa Desemba 1950. Lakini kalamu ya kigololi yenyewe ilifanywa ifanye kazi vizuri na mtu wa Hungaria, László Bíró, aliyekuwa mwandishi wa habari. Aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1938. Alikuwa Myahudi, na sheria za chuki zilipokaza katika nchi yake alikimbilia Ufaransa, halafu Argentina, na huko akapata hataza mpya mwaka 1943. Yaani kalamu ambayo leo kila mtoto wa shule anayo ilikamilishwa na mtu aliyeacha nyumba yake. Nafikiri inafaa familia zilizohamishwa zijue hivyo.

Ndani ya ncha kuna kigololi kidogo sana, karibu milimita moja. Kinazunguka, upande wa ndani kinachukua wino, upande wa nje kinauacha kwenye karatasi. Ncha inayokishika hutengenezwa mara nyingi kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Kigololi chenyewe kwa kawaida ni kabidi ya tungsteni, kitu kigumu kama kile kinachowekwa kwenye meno ya mitambo inayotoboa miamba hapa Kolwezi. Na unga wa kabidi hiyo hushikamanishwa, mara nyingi, kwa kobalti. Shaba na kobalti. Sisemi kwamba punje ya kobalti iliyomo kwenye biki yako ilitoka kisimani kwa jirani yako. Nasema tu kwamba vitu vinavyotolewa chini ya nyumba zetu ndivyo vinavyoandika, na si haki sisi tuwe watu wa kuazima kalamu.

Mambo matano ya kupima

Kwa kiangazi kimoja na mwanzo wa mvua nimetembea na aina tano za biki ndogo, moja baada ya nyingine. Kila moja niliipima kwa mambo haya.

La kwanza, isipotee. La pili, isichafue nguo, kwa sababu funguo hugongana mchana kutwa na kofia yoyote isiyobana itatoka. La tatu, iandike kwenye karatasi ya kaboni. Fakture zetu nyingi bado ni za nakala mbili au tatu, na biki isiyovumilia kukandamizwa itaandika juu na kuacha chini patupu. La nne, ivumilie vumbi la mwezi wa nane na baridi ya alfajiri ya mwezi wa sita na wa saba, wakati wino unakuwa mzito. La tano, ikiisha, mtu wa Kolwezi aweze kuirudisha kazini bila kungoja msafiri kutoka Lubumbashi au Dubai.

Hili la tano ndilo linaloangusha biki nyingi nzuri.

Aina tano, moja moja

Ya kwanza ni ile ya chuma inayovutwa kama antena ya redio. Inauzwa sokoni pamoja na taa ndogo na vifungua chupa. Ikifungwa ni ndogo kuliko ufunguo, ikivutwa unapata urefu wa kushika. Siku ya kwanza kila mtu anaipenda. Shida yake ni maungio. Vumbi letu jekundu linaingia kati ya bomba na bomba, mwisho linakwaruza halafu linalegea, na ukiandika kwa nguvu juu ya kaboni biki inarudi ndani yenyewe. Tena ni nyembamba mno. Mtu mwenye vidole vilivyozoea nyundo na pau hawezi kuishika kwa mistari mitatu bila kuchoka. Mrija wake wa wino ni mfupi sana, na dukani hapa hakuna wa kubadilisha.

Ya pili ni ile fupi yenye kitufe. Inafaa sana kwa mkono mmoja: mkono wa kushoto umeshika karatasi, wa kulia unabonyeza. Lakini mfukoni ufunguo nao unajua kubonyeza. Ncha inatoka, inachora suruali, na ukikaa kwenye moto mdogo wa pikipiki kutwa nzima, mfuko unakuwa na doa la bluu ambalo sabuni haiondoi. Kwa mtu anayetembea na mkoba au kikapu, si mbaya. Kwa mfuko wa suruali, hapana.

Ya tatu ni ile ya Kimarekani ya Fisher, ambayo mwandishi mwenzangu aliyepita hapa aliniachia kwa wiki mbili. Mrija wake umefungwa na ndani umetiwa hewa ya naitrojeni yenye msukumo, kwa hiyo wino unasukumwa kwenda kwenye kigololi hata biki ikielekezwa juu. Paul Fisher aliomba hataza yake mwaka 1965, na mwaka 1968 kalamu hizo zilipanda angani na Apollo 7. Niliandika kwa hiyo ukutani, niliandika kwenye karatasi iliyonyeshewa, niliandika asubuhi ya baridi. Haikukataa hata mara moja. Lakini bei yake ni ya mtu mwenye mshahara mzuri, na mrija wake hapa haupatikani. Nikiipoteza nitalia. Kitu utakachokililia usikitie kwenye funguo.

Ya nne si biki, ni kipande cha penseli ndani ya kibomba. Maseremala wanaielewa. Haikauki, haivuji, mvua haiifuti, na maandishi yake yanakaa miaka mingi bila kupauka juani kama wino. Kwa kuandika namba za simu za ndugu, au vipimo vya mlango, ni rafiki mwema. Lakini ina kasoro moja ambayo katika habari yetu ni kubwa kuliko zote: inafutika. Kilo zilizoandikwa kwa penseli ni kilo za mwenye kifutio. Usitie sinyatire kwa penseli, na usikubali mtu akuandikie malipo kwa penseli akisema atapitisha wino baadaye.

Ya tano tulijaribu kuitengeneza wenyewe. Fundi mmoja ajusta wa kartie yetu alikata bomba la shaba la friji bovu, akalisafisha, akatia ndani ule mrija mfupi wa chuma wenye urefu wa milimita 67 na unene wa milimita 2.35, ambao kalamu nyingi ndogo za dunia zinautumia. Alitengeneza na kofia ya kuzungusha. Ilikuwa nzuri, kweli ilikuwa nzuri. Nzito vizuri mkononi, na rangi ya mji wetu. Lakini jasho likigusana na shaba linaacha harufu na ukijani kwenye vidole. Mirija ile ilibidi iletwe na msafiri. Na ndugu zangu, mnajua wenyewe: katika mji ambako watu huchimba usiku kutafuta nyaya, kitu cha shaba kinachong'aa hakikai kiunoni kwa mtu. Watoto walikuwa wanaiuliza bei kila siku. Nimeiweka nyumbani juu ya meza.

Nusu biki

Baada ya hizo zote, ile ninayotembea nayo sasa, na ile niliyompa mama mdogo, ni biki ya kawaida ya shule iliyokatwa. Tunaiita nusu biki. Naeleza hatua kwa hatua ili mtu yeyote aweze kuifanya kwake.

Tafuta biki ya gamba la kuona ndani ambayo wino wake umefika nusu. Ni lazima iwe imetumika. Wino unabaki upande wa ncha na upande wa nyuma unakuwa mtupu, kwa hiyo ukikata nyuma hutachafuka. Ukikata biki mpya wino utamwagika. Kila nyumba yenye mwanafunzi ina nusu biki tatu au nne chini ya kitanda, kwa hiyo hapa hulipi kitu.

Vuta ncha utoe pamoja na mrija. Kata mrija kwa wembe, sentimita moja juu ya pale wino unapoishia. Mdomo wa nyuma wa mrija uache wazi, usiuzibe kwa moto wala kwa gundi. Hewa isipoingia nyuma, wino hautashuka mbele. Ndiyo maana hata kiwandani wanaweka tundu dogo ubavuni mwa gamba.

Kata gamba kwa msumeno mdogo wa chuma libaki sentimita 8 hivi. Lifupi zaidi ya hapo, nyuma yake itachoma kiganja badala ya kulala juu ya mkono. Sugua ukingo kwenye saruji mpaka uwe laini. Pasha moto waya, toboa gamba upande hadi upande karibu na mwisho wa nyuma. Hakikisha mrija unaishia kabla ya tundu hilo, ili kamba isiubane.

Sasa linakuja swali ambalo tulibishana na fundi wiki nzima: kamba ishike mwili au kofia? Biki nyingi za dukani hushika kofia. Matokeo yake ni kwamba mwili unachomoka njiani, na jioni unakuta umebeba kofia tupu. Ukishika mwili, kofia ndiyo inapotea, na ncha inaanza kuandika barua ndani ya mfuko wako. Jibu ni kushika vyote viwili. Kamba moja ya nailoni, ile ya wavuvi, ipite kwenye tundu la gamba. Kamba ya pili, fupi, ifungwe kwenye mguu wa kofia. Zote mbili zikutane kwenye pete. Usizibe tundu lililo juu ya kofia kwa fundo. Liliwekwa ili mtoto akimeza kofia hewa iweze kupita.

Mwisho, kata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kimoja kipana, ukivike kwenye mwili ili biki inenepe na vidole vishike vizuri. Kingine chembamba, kikae pale kofia inapokutana na mwili, kibane. Kwa kiangazi chote kofia yangu haijatoka yenyewe hata mara moja.

Inaandika kwenye kaboni? Ndiyo, kwa sababu ni biki ileile ya shule. Baridi ya alfajiri? Ifumbate kiganjani muda kidogo, itaandika. Vumbi? Futa ncha kwenye karatasi. Ikiisha? Mtoto wa jirani anayo nyingine. Biki nzima inaandika mstari wa kilomita kati ya 2 na 3, kwa hiyo nusu yake bado ina zaidi ya kutosha kwa kilo, majina na tarehe za mwaka mzima.

Kuandika nini, na wakati gani

Biki bila mazoea mema ni mzigo wa bure. Haya ndiyo ninayowaomba.

Andika tarehe kwanza. Namba bila tarehe haina nguvu. Andika namba kwa tarakimu, halafu kwa maneno: 6, sita. Tarakimu moja hugeuzwa kwa urahisi, neno ni gumu kugeuza. Ukipewa fomu yenye mistari mitupu, usitie sinyatire kabla haijajazwa. Kama wanasema haihitaji kujazwa, piga mstari mrefu juu ya pale patupu. Omba nakala. Kama hakuna nakala, andika yako mwenyewe na umwombe aliye mbele yako aandike jina lake, kwa upole, kama mama mdogo alivyofanya. Ukiwa na simu, piga picha pia. Lakini usitegemee simu peke yake: simu huzima, huibiwa, huuzwa siku ya njaa.

Kuna mahali ambapo kutoa biki kunaweza kukuletea matatizo. Mbele ya mtu mwenye silaha na hasira, usiandike. Shika kichwani, toka, na uandike siku hiyohiyo kabla ya kulala, na jina la aliyekuwa pamoja nawe.

Na wale wasiojua kuandika? Hao ndio wanaohitaji biki zaidi. Mzee akiwa na biki kwenye funguo zake, anaweza kumwita mjukuu, mwalimu wa jirani, mkristo mwenzake au mwislamu mwenzake amwandikie hapohapo. Asiyekuwa nayo anaandikiwa na yule aliyekuja na fomu. Tofauti ni kubwa.

Jirani yangu mmoja, mzee sasa, alikuwa kijana miaka ile ya 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na maelfu wakalala kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Ananiambia kwamba kilichowasumbua baadaye, baada ya njaa na magonjwa, ni kutojua nani alikwenda wapi. Watu waliagana kwenye behewa na kila mmoja alisema "tutaonana". Hakuna aliyeandika kituo wala jina la kaka wa kufikia. Wengine walipatana baada ya miaka, wengine hawajapatana mpaka leo. Leo tuna ndugu waliokimbia vita huko Goma na Bukavu, na wengine wamefika mpaka kwetu huku. Kila familia iandike namba tatu za simu kwenye karatasi, nakala moja kwa kila mtoto anayeweza kutembea peke yake. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Najua kuna watakaosema kwamba mimi naongea juu ya plastiki wakati watu wanapoteza nyumba. Ni kweli kwamba nyumba ni kubwa kuliko biki. Sheria ya migodi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, pamoja na kanuni zake, inataka watu walipwe fidia na wahamishwe kwa utaratibu, na kazi ya kuifuata sheria hiyo ni ya serikali na makampuni, si ya biki ya mama wa shamba. Lakini siku ya kudai, biroo zote zinauliza swali moja: andiko liko wapi? Hapo wengi wetu tunabaki mdomo wazi, na ukweli wetu wote uko kichwani.

Jumapili hii, kabla hamjatupa biki za watoto zilizofika nusu, zikusanyeni. Kateni moja ya baba, moja ya mama, moja ya mtoto mkubwa. Na kama mna namna bora ya kufunga kofia kuliko mpira wa baiskeli, niambieni, nitaisoma redioni ili na wengine wafaidike.

Ni mimi mwandishi wenu wa Kolwezi. Mbaki salama.